Mbofyo Uliokosekana: Tunavyokosea Kuipima Sura Mpya ya Google

Tangu Julai 2025 kuna takwimu mbili ambazo kila mwenye hoja kuhusu Google amezishika mkononi: asilimia 8 na asilimia 15. Zinatoka Pew Research Center ya Marekani, ambayo ilifuatilia shughuli za mtandaoni za watu wazima 900 wa nchi hiyo kwa mwezi wa Machi mwaka huo. Mtu alipotafuta jambo akakutana na muhtasari ulioandikwa na akili mnemba juu ya ukurasa, alibofya kiungo cha kawaida katika ziara 8 kati ya 100. Pale ambapo muhtasari haukuwepo, alibofya katika ziara 15. Viungo vilivyomo ndani ya muhtasari wenyewe, vile vinavyoonyesha habari imetoka wapi, vilibofywa katika ziara 1 tu kati ya 100. Google iliupinga utafiti huo, ikidai mbinu zake zina kasoro, lakini takwimu zilikwisha kusambaa.

Wachapishaji wa habari wanazisoma kama ushahidi wa wizi: Google inachukua kazi yao, inaifupisha, inabaki na msomaji. Watetezi wa sura mpya wanazisoma kinyume kabisa, kwamba watu hawabofyi kwa kuwa wameshapata walichokitaka, na huo ndio ukurasa mzuri. Naona pande zote mbili zinaulizia kitu kilekile jibu ambalo hakina. Mbofyo uliokosekana hausemi kama mtu ameridhika, amekata tamaa, au amepotoshwa akaondoka na uhakika wa uongo. Kama tunataka kujua iwapo ukurasa huu umekuwa rahisi au mgumu kutumia, inabidi tuachane na kuhesabu mibofyo, tuulize mambo mawili: je, mtu aliyekuja na shida ametoka na jibu sahihi, na je, anaweza kujua jibu hilo limetoka kwa nani bila kupata tabu? Mpaka sasa maswali hayo hayajajibiwa hadharani na aliyeubadilisha ukurasa, na kwa sisi tunaotafuta kwa Kiswahili hayajaulizwa kabisa.

Mabadiliko haya yana historia ndefu. Google ilianza kuuza matangazo ya maandishi kupitia AdWords mwaka 2000, na kwa miaka mingi matangazo yalitengwa na matokeo halisi kwa rangi hafifu nyuma yake. Mwaka 2012 kikaja kile kisanduku chenye wasifu wa mtu au mji, na 2014 yakaja majibu mafupi yanayonyofolewa kwenye tovuti moja na kupandishwa juu ya viungo. Wakati huohuo alama za kutenga tangazo na tokeo zilikuwa zikififia. Rangi ya nyuma iliondolewa 2013 kikabaki kibandiko kidogo cha njano, mwaka 2016 kibandiko kikawa cha kijani, rangi ambayo anwani za tovuti nazo zilikuwa nayo, na kufikia Mei 2019 kwenye simu likawa neno jeusi tu kando ya anwani. Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilikwisha kuziandikia kampuni za utafutaji Juni 2013 kwamba matangazo yanazidi kuwa magumu kutofautishwa na matokeo. Nchini Uingereza, Ofcom, mdhibiti wa mawasiliano, iliripoti mwaka 2015 kuwa asilimia 31 tu ya watoto wa miaka 12 hadi 15 wanaotumia injini za utafutaji waliweza kuyatambua matangazo yaliyokuwa juu ya matokeo ya Google, pamoja na kwamba yalikuwa na kibandiko.

Kisa cha Januari 2020 kinastahili kuangaliwa kwa karibu. Google iliupeleka mpangilio ule wa simu kwenye kompyuta: kila tokeo likapata nembo ndogo ya tovuti yake, na tangazo likapata neno jeusi mahali palepale pa nembo. Kwa kutupa jicho haraka, tangazo na tokeo vilifanana kama mapacha. Watu walilalamika kwa sauti, na ndani ya siku chache kampuni ikatangaza kwamba inaufikiria upya mpangilio huo, nembo zikaondolewa kwenye kompyuta. Wengi wanakikumbuka kisa hicho kama ushindi wa watumiaji, wanasahau kwamba kwenye simu mpangilio ulibaki. Waliolalamika walikuwa watu wa kompyuta, waandishi na wataalamu wa teknolojia, wenye kioo kipana na muda wa kulinganisha jana na leo. Mwenye simu hakusikika, na kwetu huku karibu kila mtu ni mwenye simu.

Kisha, tarehe 14 Mei 2024, ikazinduliwa AI Overviews, yaani ile mihtasari ya akili mnemba juu ya ukurasa, nchini Marekani. Ndani ya wiki mbili dunia nzima ilikuwa ikicheka ushauri wa kuweka gundi kwenye piza ili jibini isidondoke, na wa kula jiwe moja dogo kila siku. Tarehe 30 Mei Liz Reid, mkuu wa kitengo cha utafutaji, akaeleza kilichotokea na marekebisho yaliyofanywa. Mwaka 2025 ikafuata AI Mode, ambamo orodha ya viungo inayapisha mazungumzo. Ile gundi ilitupotezea muda mwingi. Mjadala ulinasa kwenye swali la kama mashine inasema kweli au inabuni, wakati kosa la wazi namna hiyo ndilo lisilo na hatari, kwa kuwa kila mtu analiona. Kilichobadilika zaidi ni kazi ya mtumiaji. Zamani ukurasa ulimpa watu kumi wanaosema, naye akachagua wa kumsikiliza. Sasa unampa sauti moja isiyo na mwenyewe, na wale kumi wamesukumwa chini ya kioo.

Kupima kama kitu kinatumika vizuri si jambo la hisia. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9241-11, kilichotolewa mara ya kwanza 1998 na kufanyiwa mapitio 2018, kinataka yaangaliwe mambo matatu: kama mtumiaji anafikia lengo lake, anatumia muda na nguvu kiasi gani, na anaridhika kwa kiwango gani. Na yote matatu yapimwe kwa watumiaji mahususi, wenye malengo mahususi, katika mazingira mahususi. Watafiti wa Google wenyewe walichapisha mwaka 2010 mfumo wao wa kupima bidhaa za mtandaoni, uitwao HEART, na moja ya nguzo zake tano ni kukamilika kwa kazi iliyomleta mtu. Kwa hiyo wanajua kinachotakiwa. Shida ni kwamba mibofyo inahesabika yenyewe kwa mabilioni kila siku bila gharama, ilhali kukamilika kwa kazi kunataka ukae na mtu, umpe shida halisi, umtazame.

Watetezi wa sura mpya wana hoja nzuri, na lazima isikilizwe. Mwaka 2009 watafiti wa Google walichapisha kazi kuhusu kile walichokiita kuachia kwema: mtu anatafuta, anaona jibu palepale kwenye matokeo, anaondoka bila kubofya, na ameridhika. Walikuta hali hiyo inawezekana zaidi kwenye simu kuliko kwenye kompyuta. Ina mantiki. Anayetaka kujua saa ngapi sasa Muscat, au shilingi ngapi kwa dola, hana sababu ya kufungua tovuti yoyote. Kwa mazingira yetu hoja inapata uzito zaidi. Kufungua kurasa tatu za magazeti, kila moja na video inayojichezea na matangazo yanayoziba maandishi, kunakula bando, na mwenye simu ya bei nafuu anasubiri ukurasa ujae huku kioo kikirukaruka. Muhtasari wa aya mbili ni mwepesi, unafunguka haraka, unasomeka. Anayewaambia watu wetu waudharau wepesi huo hajawahi kununua kifurushi cha saa 24.

Lakini angalia kinachofuata. Hoja ya kuachia kwema inatuambia tu kwamba kutobofya kunaweza kuwa kuzuri. Haituambii lini. Mtu akiingia dukani akatoka mikono mitupu, mwenye duka anayehesabu vichwa mlangoni hawezi kujua kama alikuja kuuliza bei tu au bidhaa aliikosa. Google imejaribu kulijibu hili kwa takwimu nyingine. Mei 2025 ilitangaza kwamba katika masoko yake makubwa, kama Marekani na India, AI Overviews imeongeza matumizi kwa zaidi ya asilimia 10 kwa aina za maswali zinazoonyesha muhtasari. Agosti mwaka huo Liz Reid akaongeza kwamba mibofyo yenye ubora, yaani ile ambayo mtu harudi nyuma haraka, imepanda kidogo. Vyombo vya habari vilipokea takwimu ya asilimia 10 kama kura ya imani: watu wanatafuta zaidi, basi wameupenda ukurasa.

Hapa ndipo kisa cha Bing, injini ya utafutaji ya Microsoft, kinapaswa kusomwa na kila anayeandika kuhusu jambo hili. Mwaka 2012 Ron Kohavi na wenzake wa Microsoft walichapisha maelezo ya majaribio yaliyoleta matokeo ya kushangaza. Katika jaribio moja, hitilafu ya programu ilifanya Bing iwaonyeshe baadhi ya watumiaji matokeo mabovu sana. Maswali kwa kila mtumiaji yalipanda kwa zaidi ya asilimia 10, na mapato kwa kila mtumiaji kwa zaidi ya asilimia 30. Sababu ni rahisi ukiifikiria. Mtu asipopata alichotafuta anauliza tena kwa maneno mengine, na tena, na katika kuhangaika huko anabofya matangazo kwa kuwa ndiyo pekee yanayoonekana kuhusiana na shida yake. Kama wakubwa wa Bing wangefuata takwimu hizo mbili, wangeiharibu injini yao kwa makusudi na kupongezana. Watafiti walifafanua kwamba idadi ya maswali ni mchanganyiko wa vitu viwili vinavyovutana: mtu anauliza mara ngapi katika kikao kimoja, na anarejea kwa vikao vingapi. Cha kwanza kikiongezeka ni dalili ya tabu, cha pili kikiongezeka ni dalili ya kuridhika. Ukivizidisha pamoja ukatangaza jumla, umeficha habari yenyewe.

Sisemi kwamba asilimia 10 ya Google mwaka 2025 ni sawa na asilimia 10 ya Bing mwaka 2012. Inawezekana kabisa watu wanauliza zaidi kwa sababu wamegundua wanaweza kuuliza maswali marefu zaidi. Ninachosema ni kwamba takwimu hiyo, kama ilivyotolewa, inakubaliana na maelezo yote mawili, na kampuni inayo data ya kutenganisha. Ile ya mibofyo yenye ubora nayo ina tundu. Mtu harudi nyuma haraka akiridhika na alichofungua. Harudi pia akiwa amesoma muhtasari kwanza, akashawishika, kisha akafungua kiungo ili tu kuona maneno yanayofanana na aliyokwisha kuyaamini.

Hoja dhaifu kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndiyo inayosikika zaidi, ni kwamba watu wangeichukia sura mpya wangehama. Hawajahama, basi wameridhika. Hoja hii inachukulia kwamba kuhama ni jambo dogo. Agosti 2024 Jaji Amit Mehta wa mahakama ya shirikisho mjini Washington aliamua kwamba Google ilidumisha ukiritimba kwenye utafutaji kinyume cha sheria, na katika kesi hiyo ilidhihirika kuwa kampuni ililipa dola bilioni 26.3 mwaka 2021 pekee ili iwe chaguo la kwanza lililopangwa tayari kwenye vivinjari na simu. Kama watu wangekuwa wanachagua kwa uhuru kila asubuhi, hakuna mwenye akili timamu angelipa fedha hizo. Simu nyingi zinazouzwa Kariakoo au Luthuli Avenue ni za Android, na kisanduku cha Google kinamsubiri mnunuzi kwenye kioo cha mbele kabla hajaweka laini. Kubaki kwake kunaonyesha nguvu ya mpangilio uliokutwa. Kunadhoofisha pia kile kipimo bora walichopendekeza watu wa Bing, cha vikao kwa kila mtumiaji, kwa kuwa kinafanya kazi pale tu mtu anapokuwa na pengine pa kwenda.

Upande wa pili nao una hoja dhaifu, ya kutamani kurudi kwenye viungo kumi vya buluu kana kwamba enzi hizo watu walikuwa wakipima vyanzo kwa makini. Hawakuwa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell uliochapishwa 2007 uliwapa wanafunzi matokeo ya Google yaliyopinduliwa kwa siri, ya mwisho yakawekwa mwanzo, na bado waliendelea kuvutwa na yaliyokaa juu. Imani ya kwamba kilicho juu ndicho sahihi ni ya zamani. Hata hivyo yule mwanafunzi wa Cornell alikuwa na kitu ambacho msomaji wa leo anapungukiwa nacho: kila mstari aliouona ulikuwa na jina la tovuti yake, na mstari wa pili ulikuwa sentimita moja tu chini. Kugundua kosa kulikuwa kwa bei nafuu. Gharama ya kugundua kosa ndiyo sehemu ya usanifu ambayo sura mpya imeipandisha, na takwimu za mibofyo haziwezi kuionyesha kwa sababu anayeshindwa kugundua kosa anafanana kabisa na aliyeridhika.

Chukua mama mwenye mtoto wa kilo 12 aliyepimwa akakutwa na malaria, akapewa dawa mseto ya ALu, na usiku amesahau maelekezo. Anaandika kwenye simu: dozi ya mseto kwa mtoto. Muhtasari wowote wa heshima utamwambia kidonge kimoja mara mbili kwa siku, kwa siku tatu, na hapo hakuna uongo. Lakini dozi ya pili inatakiwa saa 8 baada ya ya kwanza, ndipo zinazofuata ziende kila baada ya saa 12. Dawa inamezwa pamoja na chakula au maziwa ili mwili uipokee vizuri, na mtoto akitapika muda mfupi baada ya kumeza, dozi inarudiwa. Haya ndiyo maelezo yanayokatwa kwanza mtu anapofupisha, au yanayobaki nyuma ya kitufe cha kuonyesha zaidi. Mama amesoma, ameelewa, hakubofya kitu, amefunga simu. Kwenye kompyuta ya mhesabu takwimu huyo ni mteja aliyehudumiwa kwa sekunde kumi. Na hata akitaka kuhakikisha, chanzo kilichoambatanishwa huenda kikawa cha Kiingereza, cha nchi yenye vidonge vya nguvu tofauti, kwa kuwa kurasa za afya za Kiswahili ni chache. Haki ya kuhakiki anayo, lakini lugha ya kuhakikia hana. Mmarekani wa utafiti wa Pew hakuwa na kikwazo hicho, kwa hiyo hata ile asilimia 1 iliyobofya vyanzo haitusaidii kukisia hali ya kwetu.

Wapo watakaosema basi tuwaulize watumiaji wenyewe wanataka nini. Ni wazo zuri lenye mtego wake. Mwaka 2006 Marissa Mayer, aliyekuwa mmoja wa viongozi wa Google, alisimulia kwamba watu walipoulizwa walisema wanataka matokeo mengi zaidi kwa ukurasa. Walipopewa 30 badala ya 10, utafutaji ulishuka kwa asilimia 20, na sababu iliyotajwa ni kwamba ukurasa ulichelewa kwa nusu sekunde. Mtu hajui vizuri kinachomsaidia mpaka akitumie. Ndiyo maana hojaji za kuridhika pekee hazitoshi, hasa kwa kitu kinachoandika kwa lugha nyororo na yenye kujiamini. Muhtasari fasaha unaridhisha hata ukikosea.

Kinachohitajika kinajulikana na si ghali. Wakusanye watu wa aina mbalimbali, mkulima wa Mbozi, muuguzi wa Kisumu, mwanafunzi wa Bujumbura, kila mmoja na simu yake na bando lake. Wape shida halisi zenye jibu linalothibitika: ada ya huduma fulani ya serikali, dozi ya dawa, tarehe ya mwisho ya maombi ya mkopo wa chuo. Nusu watumie ukurasa wenye muhtasari, nusu watumie ule wa viungo pekee, ambao Google yenyewe iliuweka kama kichujio cha Web siku zilezile za Mei 2024. Pima waliofika kwenye jibu sahihi, muda na data waliyotumia, kisha waulize wana uhakika kiasi gani na jibu limetoka kwa nani. Kipimo cha mwisho ndicho cha kukitazama zaidi: pengo kati ya uhakika wa mtu na usahihi wa jibu lake. Kama muhtasari unalipunguza pengo hilo, nitausifu bila kusitasita, mibofyo ya wachapishaji ishuke isishuke, na tutafute njia nyingine ya kuwalipa. Kama unalipanua, basi wepesi wake ni gharama iliyofichwa, na anayeilipa ni yule mwenye nafasi ndogo zaidi ya kugundua.

Kazi hii vyuo vyetu vinaweza kuifanya, na idara za kompyuta zikishirikiana na za Kiswahili hapo Dar es Salaam na Nairobi zitaifanya vizuri kuliko mtu aliyekaa California. Wasimamizi nao wana pa kuanzia. Oktoba 2025 mamlaka ya ushindani ya Uingereza, CMA, iliipa Google hadhi ya nguvu ya kimkakati kwenye soko la utafutaji, hatua inayoiwezesha kuiwekea masharti, na ikazijumuisha AI Overviews na AI Mode humo. Tume ya Ushindani ya Tanzania na mwenzake wa Kenya hazihitaji kusubiri sheria mpya ili ziandike barua moja yenye swali moja: kati ya watu mliowapima wakitafuta kwa Kiswahili, kwenye simu, wangapi walipata jibu sahihi, na wangapi waliweza kuonyesha lilikotoka?